Kidani Ambacho Wifi Alikiita Chake

Machi 4

Mvua imeanza leo, na leo hii hii wifi yangu kaniua nikiwa hai. Naandika ili nisije nikasahau hata neno moja, maana nina tabia mbaya ya kusamehe watu nikishashiba.

Nilikuwa uani, kwenye banda letu la kazi, natwanga mchanga mweupe. Kinu katikati ya miguu, kitambaa mdomoni, vumbi mpaka kwenye kope. Ndipo akaingia bwana wa makumbusho. Namwita Miwani, kwa sababu miwani yake ameifunga kamba shingoni utadhani inataka kumtoroka. Anatafuta mtu wa kumtengenezea kidani. Si kidani hivi hivi. Anataka nakala ya kile walichokifukua kilimani, kwenye makaburi ya watu wa kale, wale waliokuwa wakitengeneza shanga za buluu kwa mchanga. Cha kale kimevunjika, kimebaki nusu. Yeye anataka kizima akiweke kando yake kwenye ukumbi mpya, watu waone kilivyokuwa. Ukumbi unafunguliwa mvua zikiisha.

Sasa katika mji huu, nani anatengeneza shanga zile? Mimi. Nilisimama mbele ya vioo vya makumbusho mpaka walinzi wakanizoea, nikirudi nyumbani najaribu, zinapasuka, najaribu tena. Nikazipata. Halafu mdogo wangu wa kiume akaoa, mke akaletwa humu ndani, nikaona hana shughuli na mikono yake mizuri, nikamfundisha. Mimi mwenyewe, kwa roho safi.

Basi leo yeye ndiye aliyempokea mgeni. Kavaa, kajipaka mafuta, shingoni ana shanga zangu. Miwani akauliza, "Hizi umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, hii ndiyo kazi yangu."

Miwani akanigeukia. "Na mama huyu?"

Wifi hata mate hakumeza. "Huyu ni wifi yangu. Ananisaidia kutwanga."

Ananisaidia kutwanga! Mtu ataniuliza mbona sikusema kitu. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa kitambaa, na nilipomaliza kukifungua wameshapeana mikono na kazi ameshapewa yeye. Tena sikulelewa kubishana na mtu wa nyumbani mbele ya mgeni. Nikaendelea kutwanga. Lakini moyoni nimeapa, na kiapo changu nakiandika hapa: atanitambua.

Machi 5

Sijamsalimia kutwa nzima. Hajagundua.

Machi 8

Kagundua. Kaja chumbani kwangu na kikombe cha chai, uso wa huruma.

"Wifi, usininunie. Lile neno lilinitoka tu."

"Basi lirudishe. Mwambie yule bwana ukweli."

"Nitamwambia, wifi. Baadaye. Sasa hivi tutamchanganya mtu wa watu, kazi yenyewe atampa mwingine."

"Baadaye lini?"

"Kidani kikiisha."

Yaani jina langu lisubiri kidani kiishe! Chai nikanywa, maana chai haina kosa. Lakini nilimtazama na nikaona hatamwambia, si kesho wala kikiisha. Ameshaonja utamu wa kuitwa fundi.

Machi 9

Nimefikiri nimgombeze mbele ya mume wake. Nimefikiri nihame. Nimefikiri niende makumbusho nikaangue kilio mlangoni. Yote hayo yatamfanya yeye aonekane mnyonge na mimi niwe mama mwenye wivu. Hapana. Amesema anaweza, basi aweze. Mimi nitatwanga.

Machi 13

Mvua. Kaanza kazi. Akaniita kwa sauti ya asali, "Wifi, ungenitwangia kidogo?" Nikatwanga vizuri kuliko siku zote, mchanga ukawa laini kama unga. Nikamchanganyia na magadi na unga wa shaba kama inavyotakiwa. Sitaki aje kusema nilimharibia vifaa. Atakachokosa akikose mwenyewe kwa mikono yake mizuri.

Machi 18

Leo nimefurahi. Nieleze kwa nini.

Shanga hizi hazipakwi rangi. Watu hawaamini lakini ndivyo. Unakanda mchanga, magadi na shaba kwa maji, unaviringisha kwenye njiti za ufagio, unaziacha zikauke. Zinapokauka, magadi yanapanda yenyewe kutoka ndani, yanakaa juu kama ukungu mweupe. Ukungu huo ndio ukiingia motoni unayeyuka, unageuka buluu inayong'aa. Kwa hiyo ukizigusa wakati zinakauka, umekwisha. Kidole kinafuta ukungu, na pale kilipopita patatoka pakavu, pa kijivu, hata uchome mara ngapi.

Kiangazi mtu anaweza kufanya kazi hii bila kujua sheria hiyo. Zinakauka upesi, hakuna anayepata nafasi ya kuzigusa. Wifi nilimfundisha kiangazi. Mvua za nyuma zote kazi ya kukausha nilikuwa naifanya mwenyewe, yeye akiwa kwao au na shughuli za nyumba. Sasa hewa ina maji, shanga zinakaa siku nyingi zikiwa mbichi, na yeye hana subira. Kila akipita banda anazipapasa. Anazigeuza upande wa pili. Anazibinya aone kama zimekauka. Nimekaa kwenye kigoda changu namwangalia anazipapasa moja moja, nikajisikia kama mtu aliyeletewa zawadi mpaka mlangoni.

Machi 22

Amechoma. Zimetoka na mabaka.

Machi 23

Mvua.

Machi 30

Mara ya pili. Zina mabaka zaidi ya zile za kwanza. Safari hii kalaumu tanuri. Tanuri langu, nililolijenga tofali kwa tofali!

Mdogo wangu akaniuliza wakati wa chakula, "Dada, tanuri lina nini?"

"Tanuri ni zima."

"Mbona shanga zinatoka vile?"

"Muulize fundi. Mimi natwanga tu."

Wifi akainamia sahani. Mdogo wangu akatazama huku, akatazama kule, akaamua kuongeza mboga. Ndiye yule yule tangu utotoni. Nyumba ikiungua atauliza kama kuna chai.

Aprili 3

Haya sasa, nilidhani nimeshaona yote.

Miwani kaja kuangalia kazi inaendeleaje, mwavuli unamwaga maji mpaka kwenye kibao cha kazi. Nikakaa vizuri kwenye kigoda, nikasema leo ndiyo leo. Wifi akaingia ndani, akatoka na bati. Bati langu la biskuti! Lile la shanga zangu nzuri za miaka iliyopita, ninazozihifadhi chini ya kitanda changu. Akammiminia kiganjani. "Hizi ndizo za mwanzo mwanzo."

Miwani akavaa miwani, akazisogeza mwangani, akasema ni nzuri mno, hajui hata aseme nini. Na anajua anachokisema, yule bwana si wa kudanganywa kwa kitu kibovu. Ndiyo maana kadanganywa kwa kitu kizuri.

Alipokuwa anafungua mwavuli wake aondoke akataja jambo moja. Kwenye kidani cha kale, kile kipande kikubwa cha kati chenye umbo la jani, nyuma yake kuna alama ya kidole gumba. Mtu wa kale alikibonyeza kabla hakijakauka, labda kwa bahati mbaya, labda kwa kusudi. "Jina lake limepotea," akasema, "lakini kidole chake tunacho. Kila nikikishika naona ni kama nimemsalimia."

Wifi akacheka kwa adabu. Mimi sikucheka. Mimi kidole gumba changu cha kulia kina kovu, uzi wa shaba ulinikata zamani, mstari umekatiza katikati kutoka upande hadi upande. Kila mtu wa nyumba hii anaujua. Nikakifungia kidole kiganjani, nikarudi kutwanga.

Sasa najua nitakachofanya. Kilichobaki ni yeye kuja kuniomba.

Aprili 6

Mvua. Nguo hazikauki, watu hawakauki.

Aprili 10

Mara ya tatu. Leo amelia. Nilikuwa nyuma ya ukuta naanua nguo, nikamsikia, kilio cha mtu aliyeziba mdomo kwa kanga. Huruma ikaninyemelea. Nikajikumbusha bati la biskuti, huruma ikaondoka yenyewe.

Aprili 12

Mdogo wangu kaja chumbani kwangu, kakaa ukingoni mwa kitanda anazungusha kofia mikononi.

"Dada, msaidie."

"Nimeshamsaidia. Si natwanga?"

"Dada, nakuomba. Usiku halali. Chakula hagusi. Siku ya ukumbi inakaribia na hana hata shanga moja ya kuonyesha. Mji mzima unajua kazi ni yake."

"Hilo ndilo tatizo lenyewe, mdogo wangu. Mji mzima unajua ni yake."

Akasema, "Ile siku ya kwanza aliniambia alivyosema. Nikamwambia amekosea."

"Ukamwambia yeye. Mimi hukuniambia kitu."

Kofia ikaendelea kuzunguka. Nilimtazama nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mdogo wangu si mpole, ni mwoga, na sisi sote tumekuwa tukiuita woga wake upole kwa sababu anapendeza.

Nikamwambia amlete. Wifi akaja, macho yamevimba.

"Nitafanya kidani chote," nikamwambia. "Shanga zote na jani la kati. Wewe utatunga tu kwenye nyuzi."

"Na... utataka niseme nini kwa yule bwana?"

"Usiseme kitu."

Akanitazama sana. Anajua mimi si mtu wa hivyo. Lakini aliyezama hachagui kamba, akashika. "Mungu akuweke, wifi," akasema. Nikamjibu amina kwa uso mzuri kabisa. Sijui huo uso niliutoa wapi.

Aprili 16

Kazi. Mungu wangu, nilikuwa nimeikosa. Chumba changu nimekigeuza. Kitanda nimekisukuma ukutani, njiti za ufagio zimesimama kwenye trei za mchanga, kila moja na shanga yake, hakuna inayogusana na mwenziwe. Dirisha wazi kidogo, jiko la mkaa liko nje barazani chini ya dirisha, joto linaingia kidogo kidogo na moshi unabaki nje. Unakaa unasubiri. Ukungu unapanda taratibu, asubuhi huuoni, jioni umeuona. Leo kwa muda nilisahau kabisa kwamba nina kisasi.

Aprili 19

Nimefanya kosa, tena kwa mdomo wangu.

Wifi siku hizi anakuja kukaa mlangoni kwangu. Hasemi, anatazama. Leo aliinuka, akanyoosha mkono kwenye trei. Mimi nikapiga kelele kabla sijafikiri: "Usiguse!" Na mkono nikaupiga.

Akaurudisha kifuani. Akatazama zile shanga zenye ukungu mweupe. Akatazama vidole vyake. Niliona inamwingia kidogo kidogo, mpaka ikafika.

"Kumbe ni kugusa," akasema.

Nikaisogeza trei mbali naye.

"Ni vidole vyangu. Mabaka yale yote ni vidole vyangu." Akakaa chini sakafuni. "Na wewe ulikuwa pale. Ulikuwa pale kwenye kigoda, wifi. Mara tatu! Umeniona nikizipapasa mara tatu, umenyamaza."

"Na wewe mbele ya Miwani ulinyamaza mara ngapi?"

"Mimi nilisema uongo mmoja, nikashindwa kuurudisha. Wewe kila siku uliamka, ukanawa uso, ukaja kukaa pale kwa kusudi."

"Toka chumbani kwangu."

Akatoka. Mlango hakuubamiza, angeubamiza ningejisikia vizuri zaidi. Nimekaa hapa natafuta neno la kumjibu na bado sijalipata. Ameniudhi zaidi leo kuliko ile siku ya kwanza. Mtu akikukosea inatosha, si lazima pia awe na hoja.

Aprili 20

Sitabadilisha chochote. Awe na hoja, asiwe nayo, atanitambua.

Aprili 25

Leo nimefinyanga jani la kati. Ni pana kama kiganja, lina mishipa saba, na tundu mbili juu za kupitishia uzi, zimetobolewa moja kwa moja ili liweze kuning'inia. Nimelichonga mpaka mgongo wangu ukakataa kunyooka. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nasema hivyo bila aibu, maana hapa hakuna wa kunisikia.

Likiwa bado laini nikaligeuza nyuma. Nikabonyeza kidole gumba cha kulia, kwa nguvu, mpaka mistari yote ikaingia na kovu langu likakatiza katikati. Nikalitundika kwa uzi wa shaba dirishani.

Aprili 28

Ukungu umepanda juu ya jani lote, mbele na nyuma. Nikarudisha kidole kwenye lile shimo lake, nikafuta taratibu, pakabaki safi. Kwa hiyo pote patakuwa buluu isipokuwa pale.

Mei 2

Nimechoma. Nilipofungua tanuri, nilikaa chini. Buluu ile siwezi kuieleza. Na nyuma, katikati ya buluu, kidole changu kimekaa, kijivu, na kovu lake, kinajieleza chenyewe.

Mei 4

Nimempa wifi kila kitu kwenye kitambaa. Akalishika jani kwa mikono miwili, upande wa mbele, akalitazama mpaka macho yakamjaa. "Nzuri sana, wifi," akasema, basi. Hakuligeuza. Alikunja kitambaa, akaenda nacho chumbani kwao kutunga.

Mpango ni huu. Siku ya ukumbi, watu wakijaa na Miwani akimaliza kumsifu, nitanyoosha mkono kwa adabu. Nitasema: bwana, umetuambia mtu wa kale aliacha kidole chake nyuma. Hebu geuza na hiki cha leo. Halafu mwombe fundi wako aweke chake juu. Kisha nitanyamaza, wao watafanya yaliyobaki.

Mei 7

Nimefanya mazoezi ya kusema vile mbele ya kioo. "Hebu geuza" ni bora kuliko "tafadhali geuza".

Mei 11

Mvua imepungua. Jua la nusu saa, mji mzima ukatoka kuanika magodoro. Wifi kanisalimia vizuri, anaonekana kama mtu aliyelala. Furahi, mama. Furahi sasa hivi.

Mei 17

Ilikuwa leo. Naandika bado nimevaa nguo za kutokea, sina hata nguvu ya kuzivua.

Tulienda wote watatu, mdogo wangu katikati kama ukuta. Ukumbi mpya unanuka rangi, sakafu inateleza, watu tele, viatu vya matope vimeacha njia mpaka kwenye kioo kikubwa. Mimi nikajipenyeza nikafika mbele. Ndani ya kioo, upande wa kushoto, nusu ya kidani cha kale. Upande wa kulia, kidani changu.

Nikatazama. Nikatazama tena, nikidhani ni macho.

Jani lilikuwa limegeuzwa. Mgongo wake ndio uliokuwa mbele. Kidole changu, kovu na vyote, kimewakodolea watu macho katikati ya kioo, na taa imewashwa juu yake.

Nikasema moyoni, mjinga kakosea kutunga. Kisha nikaona hapana. Mtu aliyetunga safu saba bila kukosea hata shanga moja hawezi kugeuza jani kwa bahati mbaya.

Miwani akapiga makofi kidogo watu wanyamaze. Akaeleza habari za kilimani, akaeleza kidole cha kale, akasema kwamba fundi wetu naye ameacha chake, tena ameomba kionekane mbele, na mwenyewe angependa kutueleza sababu. Akamkaribisha. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupanda. Nikaushusha.

Wifi akasimama pale, hana rangi usoni. Hakuhutubia. Alisema hivi, nimeyashika yote:

"Hicho kidole si changu. Mimi changu hiki hapa, hakina kovu. Hicho ni cha wifi yangu, yule pale mbele. Kidani chote ni chake, mkono wake toka mwanzo. Hata mimi kazi alinifundisha yeye. Nilipoulizwa nikasema ananisaidia kutwanga. Nilidanganya. Yale niliyojaribu mwenyewe yameharibika yote."

Vichwa vyote vikanigeukia. Miwani akaja, akaniuliza kwa upole, "Mama, naomba kukiona." Nikauinua mkono. Kidole gumba juu, mbele ya kioo, na watu wakakitazama hiki, wakakitazama kile. Mtu nyuma akasema, "Loo, ni chenyewe!"

Ndipo yakaanza makofi. Na makofi yale, nilisikiliza vizuri, masikio yangu ni mazima, nusu yake yalikuwa ya wifi! Mama mmoja akafuta machozi, akasema, "Ana moyo mkubwa huyu binti." Moyo mkubwa! Mtu kanyang'anya, karudisha, anasifiwa kwa kurudisha! Na mimi niliyetunza maneno yangu mvua nzima, nikayapiga pasi kama nguo hizi, sikupata pa kuyasema hata moja. "Hebu geuza." Ligeuzwe nini, na limeshageuzwa?

Nimepata jina langu. Nimelipata lote, mbele ya watu, kama nilivyotaka. Na nimerudi nyumbani nina hasira ya kuweza kuuma meza.

Mei 18

Nimemfuata uani asubuhi, anafua.

"Kile kidole ulikiona lini?"

"Siku ile ile uliponipa. Nilipofika tu chumbani."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Nikajua umekiweka kwa nini. Nikajua utangoja watu wajae." Akakamua shati la mdogo wangu mpaka tone la mwisho. "Nikalia kwanza. Halafu nikajiambia, kama aibu yenyewe ni yangu na nimeichuma mwenyewe, basi mwenye kunivua nguo si wewe. Nitazivua mwenyewe, saa ninayotaka mimi."

"Umenikata maneno."

"Najua. Niliuona mkono wako unapanda."

Na akatabasamu, mshenzi yule! Kidogo tu, pembeni mwa mdomo. Kaniibia kazi, kaniibia bati, na kisasi changu nilichokilea tangu mvua ya kwanza, nacho kaniibia. Nikaingia ndani nikakaa kitandani, na nikajikuta nacheka peke yangu kwa hasira.

Mei 19

Jua.

Mei 23

Miwani kaja nyumbani na kalamu na kipande cha karatasi ngumu, ile ya kuweka chini ya kidani ndani ya kioo. Mdogo wangu akamletea kiti, kisha akapotea kama kawaida yake. Wifi alisimama mlangoni anafuta mikono.

"Jina lako nimeshaliandika, mama," Miwani akasema. "Nakuuliza wewe kuhusu huyu. Nyuzi alitunga yeye. Nimwandike, au nimwache? Utakavyosema ndivyo itakavyokuwa."

Yaani sasa kisu kimewekwa mkononi mwangu na mpini wake. Nikisema mwache, hayupo. Ukumbi ule utasimama mpaka watoto wetu wazeeke, na yeye hayumo, kama mimi nilivyokuwa simo. Ilikuwa ni neno moja. Nikamtazama. Hakuinamisha uso, hakuomba. Alisubiri tu.

Na hapo ulimi ukaniletea kitu kitamu kuliko kumfuta.

"Mwandike," nikasema. "Andika: mwanafunzi wake."

Niliona imemchoma. Mtu aliyejiita fundi mbele ya mji mzima, sasa atakaa kwenye kioo maisha yake yote akiwa mwanafunzi, na kila mgeni atasoma. Nikaegemea kiti. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Miwani akaanza kuandika. Wifi akatoka mlangoni, akaja mpaka mezani. Sauti yake ilikuwa laini kabisa.

"Sawa. Lakini bwana, kama mimi ni mwanafunzi, basi jina la wifi usiliache hivi hivi. Andika na cheo chake. Andika: mwalimu."

"Ni haki kabisa," akasema Miwani, akaandika, akapuliza wino, akafurahi. Akatuaga. Mimi hata sikumsindikiza.

Wifi alibaki amesimama. "Haya, mwalimu," akasema. "Nilikosea kukausha mara tatu na hukunionyesha. Sasa imeandikwa, watu watasoma. Nakuja kesho saa ngapi?"

Nilifungua mdomo nimtukane, sikupata kitu ndani. Mwalimu gani anamfukuza mwanafunzi aliyeandikwa pamoja naye kwenye kioo? Miwani ataleta wageni hapa. Watauliza. Nitatwanga huku nimefunga mdomo kitambaa tena?

"Saa moja," nikamwambia. "Na unawe mikono."

"Nitanawa."

"Na usiguse kitu mpaka nikuambie."

"Sawa, mwalimu."

Akaondoka anaimba. Kanipata tena, mwizi yule.